Nyumba ya zamani Mwanza: uikarabati, uibadili matumizi, ubakize uso wa mbele au uibomoe?

Watu wanaonipigia simu kuhusu nyumba za zamani huanza karibu kwa maneno yale yale: "Njoo utuangalizie nyumba, maana hatuelewani." Kaka mkubwa anataka kuuza. Dada aliyebaki na mama anataka bati tu libadilishwe. Mdogo aliyeko Dar ameshaongea na mwekezaji wa ghorofa. Mimi ni mchora ramani. Napima nyumba, nazichora, nashinda na mafundi. Nimeona nyumba zilizookolewa na zilizopotea, na nyingi zilizopotea zilipotea kwa sababu wenyewe waliamini njia ni mbili tu, kuiacha ilivyo au kuipiga chini. Njia zipo nne. Naziweka hapa pamoja, kwa vigezo vile vile, ili familia iliyokwama iwe na kitu cha kukisoma kwa sauti kwenye kikao.

Nyumba zenyewe

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, na mji tunaoujua ulianzia hapo. Nyumba zilizobaki za wakati wao ni chache: kuta nene za mawe, dari ndefu, matao, baraza pana linalokinga jua la mchana. Inayojulikana zaidi ni nyumba ya Gunzert, yenye jina la Theodor Gunzert aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka mji Julai 1916, wakaleta bangaloo zao za maofisa: nyumba za chini, paa la mwinuko mkali, madirisha mengi yenye wavu wa mbu, nyingi upande wa Capri Point na Isamilo. Reli ilipofika kutoka Tabora mwaka 1928 na pamba ikaanza kuleta fedha, katikati ya mji zikaota nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini, familia juu, roshani ya zege inayotazama barabara, na mara nyingi mwaka wa ujenzi umechongwa kwenye paji la nyumba.

Jambo moja la kujua kabla hujasema "nyumba yetu". Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo nyumba nyingi za katikati ya mji watu wamezaliwa ndani yake na kuzeekea humo huku wakiwa wapangaji. Anza na hati.

Naulizwa pia, hasa na vijana, kwa nini tuhangaike na nyumba za mkoloni. Ni swali la haki. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kila nyumba mwaka 1897, na watu wa nchi hii waliilipa kwa fedha au kwa mikono yao. Lakini siku moja tulibandua plasta kwenye ukuta wa nyumba ya Kijerumani, na kati ya mawe mawili, kwenye chokaa iliyokauka kabla bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na alama za vidole vinne. Mtu aliisukuma chokaa ndani ya kiungo kwa mkono kwa sababu mwiko haukufika. Niliweka vidole vyangu pale vikaingia. Huyo hakuwa Mjerumani, na jina lake halikuandikwa popote. Ukuta ule ndio saini yake. Tangu siku ile sizioni nyumba hizi kama za mkoloni peke yake.

Sheria inasema nini? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo yanalindwa pale tu waziri anapoyatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Piga hesabu: mji ulianza 1892. Hakuna nyumba ya kikoloni ya Mwanza inayolindwa kwa umri wake tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Huko mwenye nyumba hawezi kung'oa hata mlango bila kuulizwa. Hapa kwetu, kwa nyumba nyingi, uamuzi uko mikononi mwa mwenye hati, na ndiyo maana naandika kwa wenye hati.

Vigezo nitakavyotumia

Kwanza, mwili wa nyumba: kuta, paa, msingi, na maji yanakoingilia. Pili, umiliki: nani anaweza kusaini. Tatu, fedha: zinatoka lini, zinarudi lini. Nne, kinachobaki cha historia kazi ikiisha. Tano, ruhusa. Kisha nasema njia hiyo inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kukarabati na kuendelea kuishi

Mwili wa nyumba. Njia hii inawezekana kama kuta zimenyooka. Shusha timazi kutoka juu ya ukuta, pima umbali wa uzi juu na chini. Nyufa nyembamba kama unywele hazinitishi. Ufa unaoingia kidole, na unaozidi kupanuka kadiri unavyopanda, unanitisha, kwa sababu maana yake msingi unahama; katika vilima vyetu mara nyingi ni maji ya mvua yanayopita chini ya mawe makubwa na kubeba udongo.

Hapa nikae kidogo, maana kosa linaloua nyumba nyingi Mwanza linafanywa na watu wenye nia njema. Nilifika nyumba moja Isamilo ambako familia ilikuwa imepiga plasta ya saruji kuta zote za nje "ili kuziimarisha". Nilipogonga kwa mpini wa tindo, ukuta uliitika mtupu, kama ngoma iliyolegea. Fundi alichomeka tindo pembeni, akavuta kidogo, na kipande cha plasta kikubwa kama mlango kikaanguka kizima. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Udongo na chokaa kati ya mawe nilivichota kwa kidole kama sukari iliyomwagiwa maji, na harufu iliyotoka ilikuwa ya shimo la viazi lililofunikwa muda mrefu. Mama mwenye nyumba alisimama kimya, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunaiziba pumzi."

Hakuna maelezo bora kuliko hayo. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa au udongo. Zinanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa nje taratibu. Saruji inafunga njia ya kutokea. Maji yanapanda juu zaidi kutafuta mlango, yanafika kwenye ncha za boriti, na yanakofika maji mchwa nao hufika. Dawa yake ni kubandua saruji, kuacha ukuta ukauke kiangazi chote cha Juni hadi Agosti, kisha kupiga plasta ya chokaa: sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa tatu za mchanga, tabaka jembamba juu ya tabaka, kila tabaka likifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni kutoka angani, na hiyo haiharakishwi. Mafundi vijana waliozoea saruji hulalamika. Mzee mmoja wa Ukerewe niliyefanya naye kazi alikuwa akiwaambia, "Ng'wanawane (mwanangu), chokaa haitaki nguvu, inataka kivuli."

Paa ndilo linaloanza, kabla ya ukuta wowote. Bati za zamani zilikuwa nzito, na zinapobadilishwa watu huchukua geji 32 kwa kuwa ni rahisi. Kumbuka namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Nenda geji 28 kama mfuko unaruhusu. Kenchi za mninga au mvule usizitupe. Choma ncha zake kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Zikiwa zimeoza hapo tu, seremala mzuri anakata kipande kilichooza na kuunga kipya, na mti uliobaki utakuzika wewe na mimi.

Umiliki. Anatakiwa mtu mmoja anayeweza kusaini. Kama mzee alifariki na mirathi haijafunguliwa, fungueni, pateni msimamizi wa mirathi mahakamani. Nimeona ukarabati ukisimamishwa katikati kwa barua ya baba mdogo, paa likiwa wazi, na mvua haikusubiri kesi iishe.

Fedha. Zinatoka kwa awamu: mwaka huu paa na mifereji, mwakani kuta, mwaka wa tatu sakafu na madirisha. Hazirudi, isipokuwa kwa maana ya kwamba hulipi kodi kwingine. Kwa mshahara wa kawaida hii ndiyo njia pekee inayobebeka.

Kinachobaki. Karibu kila kitu: vyumba, ngazi, harufu, na watu wenyewe.

Ruhusa. Matengenezo yasiyogusa mwili wa jengo hayana mlolongo mrefu, lakini andika barua halmashauri kabla jukwaa la mirunda halijasimama, maana jukwaa huvuta macho.

Inamfaa familia inayoishi humo, yenye subira na msemaji mmoja. Haimfai mwenye haja ya fedha mwaka huu, na hilo si kosa lake.

Njia ya pili: kuibadili matumizi

Gesti, mkahawa, ofisi, shule ya chekechea, makumbusho. Wapo waliotutangulia: boma la zamani la Dar es Salaam, lililojengwa 1866 hadi 1867 enzi za Sultan Majid, lilikarabatiwa na tangu 2017 ni kituo cha urithi wa majengo, boma la Wajerumani la Arusha ni makumbusho. Majengo yote mawili yalidumu kwa sababu yalipata kazi ya kufanya.

Mwili wa nyumba. Kuta zilizonyooka zinahitajika hapa pia, na juu yake kuna mzigo mpya. Tatizo kubwa ni choo. Mgeni wa leo anataka choo ndani ya chumba, na nyumba hizi zilikuwa na choo uani. Ukitoboa ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita kupitisha bomba kila chumba, umeukata kama mkate. Panga vyoo kimoja juu ya kingine katika kona moja, au jenga jengo dogo uani lililoshikamana na nyumba kwa ushoroba. Simtanki lisikae juu ya paa la zamani kamwe. Lita 2,000 za maji ni tani mbili, na kenchi zile hazikufikiriwa kwa hilo. Litengenezewe mnara wake.

Umiliki. Familia inaweza kubaki na hati na kumpangisha mwendeshaji kwa mkataba wa miaka mingi. Mkataba uandike mambo ambayo mwanasheria wa kawaida hatayafikiria: mawe yasipakwe rangi ya mafuta, milango ya asili isiuzwe, baraza lisizibwe kwa vioo. Familia moja niliyowasaidia hawakuandika hayo. Waliporudi baada ya mwaka mmoja, mawe yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani inayong'aa, na mkataba haukuwapa neno la kusema.

Fedha. Nyingi zinatoka mwanzoni, na zinarudi polepole. Mwanza ina wageni wa kweli: wanaoenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, wanaovuka kwenda kisiwa cha Saanane, na wengi zaidi ni watu wa mikutano na biashara wanaolala siku mbili na kuondoka. Hesabu kwa hao wa mwisho. Watalii wawe nyongeza.

Kinachobaki. Umbo lote la nje na sehemu kubwa ya ndani. Uzuri wake ni kwamba watu wasio wa familia nao wanaingia, wanakaa barazani, wanauliza.

Ruhusa. Hapa kazi ipo. Hati ikisema makazi, unaomba kubadili matumizi ya ardhi halmashauri; baada ya hapo leseni, na ukaguzi wa Zimamoto. Nyumba yenye ngazi moja ya mbao itadaiwa njia ya pili ya kutokea, na hilo ulichore mapema, mahali pasipoharibu sura.

Inamfaa mwenye nyumba nzima yenye eneo la wazi nyuma, iliyo karibu na katikati ya mji au yenye mandhari ya ziwa, na mwenye mtu wa kuiendesha kila siku. Familia ambayo mama bado analala chumba cha kona waifikirie mara mbili.

Njia ya tatu: kubakiza uso wa mbele na kujenga nyuma yake

Hii inahusu zaidi zile nyumba za maduka katikati ya mji, mitaa kama Rwagasore, ambako kiwanja ni chembamba, fremu za chini zinapangishwa, na kila wiki dalali anapita. Uso wa mbele unabaki: roshani, nguzo, mwaka uliochongwa. Nyuma yake panapanda jengo jipya.

Mwili wa nyumba. Hapa ndipo pa hatari kuliko njia zote. Ukuta wa mbele umesimama miaka yote kwa sababu kuta za pembeni na sakafu za ghorofa zinaushika mabega. Ukiziondoa, kinachobaki ni karatasi iliyosimama. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitufundisha upande huu wa ziwa jinsi kuta za matofali zisizofungwa pamoja zinavyoanguka kwa sekunde. Kwa hiyo fremu za chuma za kuushika ukuta zinasimama kwanza, pande zote mbili, zimefungwa ardhini, na mhandisi amesaini. Ndipo nyundo ya kwanza inaruhusiwa. Mkandarasi akikuambia ataushika kwa mirunda, tafuta mwingine.

Umiliki. Nyumba hizi nyingi zinachangia ukuta na jirani. Piga picha za nyumba ya jirani ndani na nje kabla ya kazi, akiwepo, na msaini wote. Nyufa zikitokea kila mtu anajua zilizokuwepo. Kwa warithi wengi njia hii ina faida ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Badala ya watoto saba kugawana fedha zitakazoisha, mkiingia ubia mnaweza kugawana fremu na vyumba vyenye hati.

Fedha. Mara nyingi zinatoka kwa mwekezaji, na sauti inamfuata mwenye fedha. Andikeni kwenye mkataba wa ubia kwamba uso wa mbele ukianguka wakati wa ujenzi, yeye anaujenga upya kwa michoro iliyopimwa. Bila sentensi hiyo, huanguka kwa urahisi wa ajabu.

Kinachobaki. Mtaa unabaki na sura yake. Ndani kunapotea: ngazi iliyolika katikati kwa nyayo, uani ambako masufuria yalioshwa, vigae vya sakafu. Naiheshimu njia hii bila kuipenda sana. Nimesimama mbele ya uso uliobaki nikaona mchana upo dirishani upande wa pili ambako palikuwa na sebule, nikanyamaza. Lakini mpita njia anayetoka sokoni bado anauona mwaka ule juu ya roshani, na mtoto bado anaweza kuuliza ni wa nini. Mahali ambapo njia nyingine ni kubomoa yote, hilo si dogo.

Ruhusa. Kibali kamili cha ujenzi, michoro ya mbunifu majengo na mhandisi waliosajiliwa, na kibali cha kubomoa sehemu ya nyuma.

Inamfaa warithi wengi wenye kiwanja cha thamani na nyumba ambayo ndani yake imeshakatwakatwa vyumba na fremu hadi haina umbo. Nyumba ambayo ndani bado ni nzima isipelekwe huku.

Njia ya nne: kubomoa na kuweka kumbukumbu

Wapo watakaoshangaa naiweka. Naiweka kwa sababu nyumba nyingine zimeshakufa na kuzing'ang'ania kunahatarisha watu.

Mwili wa nyumba. Ukuta ulioinama na unaoendelea kuinama, msingi ulioliwa. Karibu na maji hali imebadilika: mwaka 2020 kina cha ziwa kilipita rekodi ya 1964, na nyumba za ufukweni zilizokaa na miguu majini wiki baada ya wiki hazikurudi kuwa zilivyokuwa. Pata maoni ya wahandisi wawili wasiotumwa na mnunuzi.

Umiliki na fedha. Wote wakubaliane kwa maandishi. Fedha huja haraka, huisha haraka. Sehemu yake ndogo itengwe kwa kumbukumbu kabla ya kugawana, kwa sababu baada ya kugawana haipatikani.

Kinachobaki. Kile tu mtakachokiandika na kukiokoa. Wiki mbili zinatosha: pima kila chumba, piga picha kila ukuta ukiwa umesimama katikati ya chumba, na umrekodi shangazi akitembea mlango kwa mlango akisema nani alizaliwa wapi. Kisha bomoeni kwa mikono, si kwa buldoza. Milango ya mninga, bawaba, nondo za madirisha, mawe ya pembe, vyote vinaishi tena kwenye nyumba mpya, na mafundi wanaokarabati nyumba nyingine wanavitafuta. Nakala ya michoro na picha ipelekeni maktaba ya mkoa.

Ruhusa. Kibali cha kubomoa, na wapangaji wapewe notisi ya maandishi.

Inamfaa mwenye nyumba ambayo kweli imeshindikana. Kutopenda nyumba na nyumba kushindikana ni mambo mawili.

Kwa hali yako

Kama mama au baba bado anaishi humo na kuta zimenyooka, anza njia ya kwanza hata kama mna ndoto ya gesti. Ukarabati mzuri haufungi mlango wa kubadili matumizi baadaye; mkipiga saruji mnaufunga.

Kama nyumba ni tupu, mmetawanyika Dar, Nairobi na Toronto, na hakuna atakayerudi, njia ya pili kwa kumpangisha mwendeshaji ni ya kujaribiwa kwanza, kwa mkataba ulioandikwa vizuri. Nyumba tupu huoza haraka kuliko inayokaliwa. Hakuna anayeona bati lililong'oka usiku.

Kama ni nyumba ya duka katikati ya mji, warithi ni wengi na ndani pameshavurugwa, pelekeni njia ya tatu kwa mhandisi kabla hamjampelekea dalali. Kama ndani pako kamili, ngazi na uani vipo, mkae tena mfikirie ya pili; duka chini na ofisi juu ni matumizi ambayo nyumba hizo zilizaliwa nayo.

Kama ni nyumba ya mawe ya wakati wa Wajerumani, ombi langu ni kwamba njia ya tatu na ya nne zisiwekwe mezani mpaka watu wa Malikale, idara ya mambo ya kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wameandikiwa na wamejibu. Zimebaki chache mno.

Kama wewe ni mpangaji wa shirika au wa mtu binafsi, uamuzi mkubwa si wako, ila uliyemo ndani ndiye unayejua bati linavuja wapi. Andika, piga picha, peleka kwa mwenye nyumba, baki na nakala.

Na kama kikao kimeshindikana na kila mtu ameondoka amenuna, kuna kazi moja isiyohitaji maelewano yenu juu ya mengine yote. Vuli huanza Oktoba. Mchangishane, fundi apande juu kabla ya hapo, azibe matundu ya bati, asafishe mifereji na ageuze maji yasimwagike kwenye msingi. Kikao kitaendelea Desemba mkirudi nyumbani wote, na nyumba ya kugombania itakuwa bado ipo.